Boti Ilikuwa Yetu, Njia Haikuwa Yetu

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa wastaafu hapa Moshi, kuhusu safari yetu ya kushuka mto Rufiji kwa boti. Wengi mlikuwa kwenye misiba na arusi, mkaniomba niiandike yote. Nimeiacha ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, maana nyingi zilikuwa za mchanga tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mlioburutwa na wazazi wenu mpaka hapa: habari za mchana.

Mnanisikia huko nyuma? Haya.

Mwenyekiti amenitambulisha kwamba nitasimulia "ile safari ya mtumbwi". Haukuwa mtumbwi, Mwenyekiti. Ilikuwa boti. Boti ya faiba, futi 19, mashine ya farasi 25. Tuliinunua mimi na shemeji yangu, imetumika lakini nzima, risiti zipo, na mke wangu aliyekaa safu ya pili pale anazijua zote kwa kichwa.

Niwaulize kwanza. Ni nani humu ndani ameshavuka Rufiji? Inueni mikono, msione haya. Kumi... kumi na mbili. Nyote kwa basi la Lindi au Mtwara, juu ya Daraja la Mkapa, na nusu yenu mlikuwa mmelala. Sasa ni nani ameushuka? Akakaa juu ya maji yake toka asubuhi hadi jioni, leo, kesho, keshokutwa, mpaka maji yakabadilika ladha? Hakuna. Basi leo nina la kuwaambia.

Mimi mnanijua. Fundi mashine kwa miaka 38. Nimezaliwa Kibosho, kwenye migomba, ambako mto unaurukia kwa hatua mbili na mfereji unaugombania na jirani. Kuogelea nilijifunzia Chemka nikiwa tayari nina watoto watatu, na mpaka leo naogelea kama mtu anayepigana na nyuki. Kwa hiyo siku nilipomwambia mke wangu kwamba nimestaafu na sasa nataka kushuka mto mkubwa kwa boti yangu mwenyewe, aliniuliza swali moja: "Ukifa, lile deni la SACCOS atalipa nani?"

Wengine wakaniuliza, mbona usishuke Pangani? Ndio mto wetu. Kweli ni wetu. Kikuletwa inakusanya maji ya Meru na ya mlima huu, inakutana na Ruvu pale Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto mmoja unateremka mpaka baharini. Lakini mto huo tumeshaufunga, ndugu zangu. Kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna Hale, kuna mitambo ya maporomoko ya Pangani, na katikati kuna mawe. Mara nyingi ungeibeba boti wewe kuliko yenyewe kukubeba.

Rufiji ni habari nyingine. Unazaliwa pale Kilombero inapokutana na Luwegu, unapokea Ruaha Mkuu ambao umeshapita mabwawa ya Mtera na Kidatu, na ukijumlisha, maji ya Mbeya, Njombe, Iringa, Morogoro na sehemu ya Ruvuma yote yanatafuta mlango mmoja. Bonde lake ni karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mzigo wote huo unapenya kwenye korongo lililokuwa likiitwa la Stiegler, na hapo ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, mashine 9, megawati 2,115. Walianza kulijaza Desemba 2022. Gridi ya taifa ni moja, kwa hiyo taa hii iliyo juu ya upara wangu huenda inawaka kwa maji hayo hayo ninayowasimulia.

Sisi tulianzia chini ya bwawa, kijiji cha Mloka, nje ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kuingia ndani ya hifadhi kuna vibali vyake na pesa zake. Ilikuwa Septemba 2024, kiangazi. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu, mhasibu mstaafu, ambaye alikuja na daftari, na mpwa wangu wa miaka 24, ambaye alikuja na simu.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza. Mtu hubeba dawa ya ugonjwa anaoujua.

Mimi ninajua mashine. Basi nilibeba nini? Nilibeba plagi sita. Nilibeba pini za pangaboi, kamba ya kuwashia, hosi ya mafuta, spana zote, oili ya kuchanganya na petroli, lita 1 kwa lita 50, na madumu sita ya petroli. Nilibeba pia ile feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza mashine, tunayoiita impela. Kila kitu cha mashine kilikuwepo, na vya akiba vyake vilikuwepo. Na mto je? Nilibeba nini cha mto? Nilibeba ramani ya kwenye simu ya mpwa wangu.

Tulishusha boti kutoka kwenye Fuso, kijiji kizima kinatazama. Mzee mmoja, mwembamba, amevaa kofia ya kiua iliyopauka, akanisogelea. Tukasalimiana. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Moshi. Kuanzia dakika hiyo jina langu likawa Mangi, na ninyi mnajua ukishaitwa Mangi pwani, umeshaitwa.

"Nani anawashusha, Mangi?"

"Tunajishusha wenyewe, mzee. Tuna ramani."

"Ramani ya lini?"

Mpwa wangu akatazama simu. Ramani ilikuwa nzuri, mto unaonekana, kila kona inaonekana. Tarehe hatukuiona. Mzee akasema, bila kejeli yoyote, "Mafuriko yalikuja Aprili. Mchanga umehama." Akaomba elfu thelathini kwa siku atushushe. Shemeji akaniangalia, mimi nikamwangalia shemeji. Elfu thelathini, mara siku nne, mara... Tukamshukuru, tukawasha mashine, tukaondoka, watoto wanapunga mikono.

Dakika arobaini, ndugu zangu. Dakika arobaini! Tulikuwa bado tunaiona mivumo ya Mloka kwa nyuma tulipopanda juu ya fungu la mchanga kama gari linavyopanda tuta. Mto mpana mno, na sisi tumekaa katikati yake kwenye maji ya kufika magotini. Na mimi, fundi wa miaka 38, nikafanya kosa la mwanafunzi: nikarudisha nyuma kwa nguvu. Pangaboi likachimba mchanga, pampu ikanywa mchanga.

Mashine ya boti ina kitundu kwa nyuma. Ikiwa salama, kitundu kile kinatoa uzi mwembamba wa maji. Wavuvi wanasema mashine inakojoa. Ikiwa inakojoa, endelea na safari. Ikiacha kukojoa, zima hapo hapo, maana ndani inapikika. Mimi sikutazama kitundu. Nilikuwa natazama ng'ambo, ambako kulikuwa na mamba wanne wameanika matumbo juani, mmoja amefungua kinywa.

Aliyetazama kitundu ni yule mzee. Alikuwa nyuma yetu ndani ya mtumbwi, anapiga pondo taratibu, wala hakuwa na haraka. Tangu tunaondoka alikuwa anatufuata. Akafika, akasema, "Mangi, mashine yako haikojoi."

Nikazima. Nilipofungua, impela imeungua, mabawa yake ya mpira yamekuwa kama ngozi ya ndizi iliyokaangwa. Ya akiba ninayo, ndiyo. Ilinichukua saa mbili kuibadilisha, jua la utosi, huku mzee ameegemea pondo lake akiangalia mamba kwa niaba yetu. Nilipomaliza nikamwambia, haya mzee wangu, twende, elfu thelathini kwa siku.

Akasema, "Ile ilikuwa bei ya Mloka. Hapa ni elfu hamsini."

Shemeji akaandika kwenye daftari. Ukurasa huo bado ninao: "Nahodha, 50,000. Somo, 20,000 kwa siku."

Boti ilikuwa yetu. Mashine ilikuwa yetu. Njia haikuwa yetu.

Sasa, wenye magari mnajua barabara. Barabara ukiiona umeiona. Mto hauko hivyo. Mto ukiuangalia kwa macho ya Kibosho unaona maji, na pembeni majani. Mzee yule alikaa omoni, miguu ndani ya boti, pondo magotini, na kwa siku tatu alikuwa anasoma. Nilimwomba anifundishe, naye akanifundisha kidogo, kama mtu anavyomfundisha mtoto wa jirani.

Aliniambia: ukiona maji laini yanayong'aa kama meza, ogopa, chini yake kuna fungu. Ukiona maji yana mikunjo midogo midogo, hapo mchanga uko karibu zaidi. Unatafuta maji yanayotembea kwa uzito, yenye rangi ya chai iliyokolea. Na ukitaka kilindi, tafuta keremkerem.

Mnawajua keremkerem? Wale ndege wembamba wenye rangi, wanaodaka nyuki hewani. Wanatoboa matundu kwenye kingo za mto kutengeneza viota, mamia, ukingo unakuwa kama mzinga. Mzee akaniuliza, keremkerem anatoboa wapi? Kwenye ukingo uliosimama wima. Na ukingo umesimama wima kwa nini? Kwa sababu maji yanaukata kwa chini. Na maji yanayokata ni maji yenye nguvu, na penye nguvu ndipo penye kina. Basi kila kona tulikuwa tunatafuta matundu ya ndege, tunapita chini yake, karibu ningeweza kugusa ukingo kwa mkono. Upande wa pili, ambao mimi ningeuchagua kwa sababu ni mpana na umetulia, ulikuwa mchanga mtupu. Nimesoma vitabu vingi vya mashine, sijawahi kusoma ukurasa mtamu kama ule.

Halafu viboko. Najua mlikuwa mnawasubiri, hasa vijana.

Siku ya pili, asubuhi, ukungu bado haujaisha. Tunaingia kona, mzee ananyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. Zima. Nikazima. Kimya. Mbele yetu naona mawe, kumi na tano, ishirini. Jiwe moja likapumua. Puuu! Mpwa wangu aliyetaka video, simu ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye maji yaliyokuwa ndani ya boti, na hakuiokota.

Mimi kwa akili yangu nilitaka kilindi. Si ndio somo la jana? Mzee akasema hapana. Kiboko akishtuka anakimbilia kilindini, na wewe ukiwa kilindini, au ukiwa kati yake na kilindi, umekaa kwenye mlango wake. Wao waachie maji mengi, sisi tukapita upande wa maji machache, tunasukumwa na pondo, tumbo la boti linakwaruza mchanga. Kabla ya kuwafikia, mzee aligonga ubavu wa boti kwa pondo, polepole, mara tatu. Nikamuuliza kwa kunong'ona, unafanya nini?

"Nabisha hodi."

Unacheka, mama? Mimi wakati ule sikucheka. Lakini mantiki yake ni safi. Mnyama aliyeshtushwa ni hatari kuliko mnyama aliyeambiwa mgeni anapita. Masikio yale madogo yakageuka, vichwa vikazama kimoja kimoja, vikaibukia mbali. Tukapita. Dume mmoja alitusindikiza kwa macho mpaka kona.

Usiku hatukulala kwenye visiwa vya mchanga, ingawa kwenye picha vinapendeza. Mchanga wa usiku ni wa viboko na mamba. Tulilala vijijini. Unafika, unaripoti kwa mwenyekiti wa kijiji, unaonyeshwa pa kuweka chandarua, na wali na kambale vinatokea kabla hujauliza bei. Kwa upande huo sisi watu wa mlimani, nisameheni, tuna la kujifunza. Kwetu mgeni wa ghafla anaanza kuulizwa ametokea kwa nani.

Karibu na Utete tulisimama kwenye shamba la bibi mmoja. Hapa nitakaa kidogo, Mwenyekiti, usiniangalie saa.

Bonde la Rufiji lina kilimo kinachoitwa mlau. Mto unafurika wakati wa masika, unaacha tope na unyevu, maji yakirudi watu wanapanda kwenye unyevu ule ule bila kusubiri mvua. Mahindi, kunde, maboga. Shambani kuna dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi, unalala juu, unalinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko, na maji yakija yanapita chini yako.

Bibi yule alikuwa amekaa chini ya dungu lake anapukuchua kunde. Shikamoo bibi. Marahaba. Nikaona kwenye nguzo kuna mstari, chini ya mstari mti umebadilika rangi, tope limekauka kwenye nyufa. Nikasimama pembeni yake kuupima. Ulikuwa juu ya bega langu. "Aprili," akasema. Mahindi yote yalienda, na ya jirani yake yalienda.

Nikamuuliza, kwa nini msihame? Swali la mtu wa mlimani. Akasema wamehamishwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, serikali iliwatoa watu bondeni ikawapeleka vijiji vya juu, Operesheni Rufiji. Yeye alikuwa binti. Nyumba yake iko juu mpaka leo. "Lakini huko juu kuna nyumba," akasema, "chakula kiko huku." Kila msimu anateremka.

Halafu akasema neno kuhusu bwawa ambalo limekaa nami. Hakulaumu wala hakusifu. Umeme umefika kijijini kwao, anachaji simu. Akasema, "Zamani mto ulikuwa unakuja wenyewe, tunaujua unavyokuja. Sasa kuna mtu ana ufunguo. Huyo mtu sisi hatumjui, na yeye hatujui." Halafu akaniuliza, "Na kwenu huko kwenye barafu, maji yenu ufunguo anao nani?"

Nilikaa kimya. Nilikumbuka mifereji ya Kibosho, wazee wa mfereji, zamu za kumwagilia, na magomvi yake. Nikakumbuka kwamba watu wa Pangani mjini nao wapo, chini kabisa ya maji yetu, na sijawahi hata siku moja kufikiria wanapata nini baada ya sisi kumaliza. Akanipa maboga mawili. Nilitaka kulipa, akakataa.

Daraja la Mkapa nitalipita haraka kama mlivyolipita ninyi. Ni refu, karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003. Lakini wazee humu mnakumbuka kivuko cha Ndundu? Mnakumbuka foleni? Mimi mwaka 1994 nililala Ndundu siku mbili nikiwa na lori la vipuri vya kupeleka Lindi. Mbu wa Ndundu ningewatambua hata leo tukikutana mjini. Safari hii tulipita chini ya daraja, mabasi yananguruma juu yetu, mpwa wangu anayapungia mikono. Hakuna aliyempungia. Walikuwa wamelala.

Karibu na Ikwiriri mzee akasema, "Mimi nashuka hapa."

Nikamwambia, mzee, bado hatujafika baharini. Akasema, "Mimi ni wa maji baridi. Huko mbele maji yanatembea njia mbili, yanakwenda na yanarudi. Siyajui. Tafuteni mtu wa huko." Akahesabu pesa zake, akatuachia pondo lake, akasema tutalihitaji, akapanda bodaboda akiwa ameshika viatu mkononi.

Je, tulitafuta mtu wa huko?

Mnacheka. Mnatujua.

Tulisema, siku tatu tumejifunza. Tumesoma maji, tumewajua keremkerem, tumebisha hodi kwa viboko. Shemeji akasema tumeshavuka bajeti. Hatukutafuta mtu.

Delta ya Rufiji si mto tena. Mto unakatika vipande, vidole, kila kidole kina vidole vyake, na kila kimoja kimefungwa na mikoko pande zote mbili. Ni msitu mkubwa wa mikoko, hekta elfu hamsini na zaidi, hakuna mwingine mkubwa namna hiyo Afrika Mashariki. Hakuna keremkerem. Hakuna ukingo, kuna mizizi na tope. Saa kumi na moja jioni tukaingia kwenye mkono mmoja mwembamba, maji mengi, yametulia, kivuli kizuri. Tukafunga kamba kwenye mkoko. Tukapika chai. Mwezi ukatoka, mpevu, mwekundu, mkubwa kama sinia. Shemeji akasema hii ndiyo starehe niliyoilipia.

Mwezi mpevu! Mtoto yeyote wa pwani angetuambia. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, zaidi ya mita tatu kati ya juu na chini. Sisi tulifunga boti maji yakiwa juu kabisa.

Saa nne usiku sufuria ya chai ikateleza yenyewe. Nikadhani ni mpwa. Ikateleza tena. Nikawasha tochi, nikamulika nje, na ndugu zangu, maji hayakuwepo. Hayakuwepo! Kulikuwa na tope jeusi linalong'aa, linanuka kama yai bovu, kaa wenye koleo moja kubwa wanatembea, na visamaki vya tope vinarukaruka pale ambapo jioni tulikuwa tunaelea. Boti imelala ubavu. Mashine imezama kwenye tope mpaka shingoni. Nilichomeka pondo kujaribu kina cha tope, likaingia mpaka nusu bila kugusa chini. Hapo nikajua hakuna anayeshuka kusukuma.

Tulikaa hivyo, tumeshikilia upande wa juu wa boti kama kuku kwenye fito, saa saba. Mbu walikuwa ndugu wa wale wa Ndundu.

Alfajiri maji yakaanza kurudi, yanaingia bila sauti, na pamoja nayo ukaja mtumbwi. Mama mmoja na mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na tatu, wanakwenda kutafuta kaa. Mtoto akatusalimu kwa adabu, shikamooni, akatutazama wazee wawili na kijana mmoja waliojaa tope, akauliza, "Mmelala hapa makusudi?"

Mama yake alicheka mpaka akakaa.

Lakini walitutoa. Mtoto alituambia tuhamishie madumu ya petroli upande mmoja, halafu mwingine, boti iyumbeyumbe mpaka tope liiachie, na tufanye haraka, maana maji ya kesho yatakuwa madogo kuliko ya leo, na ya keshokutwa madogo zaidi. Tungechelewa siku mbili, boti ingekaa pale mpaka bamvua nyingine. Tope liliiachia kwa sauti ya kizibo kikubwa. Naye mtoto akaingia kwenye boti yetu, akakaa omoni pale alipokaa mzee, akatuongoza kutoka mkono hadi mkono mpaka bandari ya Nyamisati, mama yake anafuata na mtumbwi wake bado anacheka.

Njiani alinionyesha upande fulani wa mikoko akasema, huko ndiko iliko meli ya Mjerumani. Historia hiyo nilikuwa naijua nusu. Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilijificha ndani ya delta hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ilijificha kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshaipima mikono hiyo kabla ya vita, Waingereza walikuwa hawaijui. Waingereza wana jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani, na wako nje wanangoja. Walifanya nini? Wakamtafuta mwindaji, P. J. Pretorius, na yeye akaenda kwa mitumbwi pamoja na wenyeji kupima kina na kusoma maji kupwa na kujaa. Ndipo Julai 1915 wakaleta manowari mbili za tumbo pana zinazoelea kwenye maji machache, na ndege za kuwaelekeza mizinga, wakaimaliza. Mizinga yake Wajerumani waliing'oa wakapigania nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nendeni mkauone. Mimi nilimsikiliza mtoto yule nikajisikia nafuu kidogo. Kumbe hata wenye manowari walilazimika kuuliza mtu mwenye mtumbwi.

Mohoro hatukuipita, iko upande wa kusini, lakini niitaje, maana walimu mko humu. Pale ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjekitile, Agosti 1905. Maji ya Majimaji yalianzia bonde hili. Tuliyasoma darasani kama jina la vita tu. Ukiwa umekaa siku nne juu ya maji hayo unaelewa kwa nini mtu angeamini yana nguvu.

Kwa wanaotaka mambo ya vitendo: boti ikaguliwe na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, jaketi okozi kwa kila kichwa na mlivae, msilikalie. Nendeni kiangazi. Petroli nusu tulirudi nayo, kwa sababu njia ndefu tulisukumwa na mto wenyewe. Mengine muulizeni shemeji, ndiye mwenye daftari.

Sasa hili mnaloliona limeegemea ukuta hapa nyuma yangu, ambalo mlinzi wa ukumbi alitaka kunizuia nisiingie nalo. Ndilo pondo. Tulisahau kulirudisha, likaja nasi mpaka Moshi juu ya basi, na kondakta alilikatia tiketi ya nusu.

Mwezi jana mzee wa Mloka alinipigia. Salamu ndefu, habari za mlima, habari za mashine, bado inakojoa? Halafu, "Mangi, pondo langu." Nikamwambia nitalituma kwa basi. Akakataa. Akasema nililete mwenyewe, na nije na boti, mchanga umehama tena.

Boti iko Nyamisati, inalindwa na baba yake yule mtoto. Tunaondoka Septemba. Nafasi zipo mbili, kwa sababu mpwa wangu amesema hapana. Na kina mama wanaonyesha ishara kutoka jikoni, machalari yanapoa, Mwenyekiti.